Dakika Kumi na Mbili Kutoka Suneka

Nchi hii imeteswa na wenye rula kuliko wenye bunduki. Wenye bunduki walifunga virago mwaka wa sitini na tatu, au wakabadilisha sare, basi. Lakini mwenye rula bado yuko ofisini. Anatandaza ramani mezani, anaweka rula yake kutoka uwanja wa ndege wa Suneka mpaka soko la Ekerenyo, kisha anainua kichwa na kukueleza umbali wa kwenu, wewe uliyeutembea tangu ukiwa na meno ya utoto.

Mwaka wa sitini na nane D.O. wetu, mkuu wa tarafa, alikuja na ramani ya namna hiyo barazani Ekerenyo. Alikuwa kijana wa kutoka mbali, suruali yake imepigwa pasi hadi ingeweza kukata nyasi. Upepo ulitaka kumnyang'anya karatasi, ikabidi Chifu Ombui apige magoti aishikilie kwa mikono miwili, mtu mzima, mbele ya wakwe zake.

Tulikuwa tumeomba kitu kimoja tu. Ndege iliyokuwa ikileta dawa za watoto ilikuwa ikitua Suneka, ng'ambo ya mji wa Kisii. Tulitaka uwanja mdogo wa nyasi juu ya kilima chetu, ili ndege hiyo iruke hatua moja zaidi itufikie.

"Maili ishirini na mbili," D.O. akasema, akigonga rula. "Kwa ndege ndogo ni dakika kumi na mbili. Sasa wananchi, nani anajenga uwanja wa ndege kwa safari ya dakika kumi na mbili? Hiyo ni sawa na kuwasha lori ili uende chooni."

Watu wakacheka. Mimi pia nilicheka, maana mzaha ulikuwa mtamu, halafu nikakasirika kwa sababu nimecheka. Nikasimama.

"Bwana D.O., hiyo rula yako imewahi kuvuka mto mwezi wa tano?"

"Keti chini, Ratemo," chifu akasema kutoka kule chini alikopiga magoti.

"Nimekaa chini tangu ukoloni, Chifu. Matako yameota sugu. Na wewe ndiye uliyepiga magoti, si mimi."

Hapo wangenitoa nje, kama walivyozoea. Lakini nyuma yangu alisimama mtu ambaye hakuna aliyemtazamia: Persis Nyanchera, mjane wa Nyasani. Mwanamke mrefu, mtu wa kanisa la Sabato, na sikuwahi kumsikia akipaza sauti hata akifukuza kuku. Hakuipaza siku hiyo pia. Baraza zima liliinama mbele ili limsikie.

"Bwana mkubwa, mimi sijui maili," akasema. "Ninajua barafu. Mwaka jana, wakati wa mvua, daktari alitutumia sindano za surua. Zilishuka Suneka na ndege, ndani ya sanduku la barafu. Dereva akaambiwa, barafu ikiisha dawa imekufa. Akaondoka asubuhi. Daraja lilikuwa chini ya maji, akalala garini. Kesho yake vijana wetu wakaenda kulipokea sanduku ng'ambo ya mto, wakalibeba kichwani. Sisi tulikuwa hapa hapa sokoni, tumepanga foleni, watoto migongoni. Nesi akafungua. Akatia kidole. Ilikuwa maji, na maji yenyewe vuguvugu. Akafunga sanduku, hakumchoma sindano hata mmoja."

Akajifunga kitambaa vizuri.

"Mgongoni nilikuwa na mjukuu wangu, Moraa. Surua ilimchukua mwezi huo huo. Sasa unasema dakika kumi na mbili. Barafu ingeweza kungoja dakika kumi na mbili. Au siyo?"

Nimehutubia mabaraza mengi. Nimewatukana makarani wa pareto, nimemwita mkaguzi wa barabara kupe, nimefungwa siku mbili kwa neno moja. Maneno yangu yote hayo, ukiyaweka kwenye mzani mmoja na yale ya Persis kwenye mwingine, yangepaa kama makapi ya ulezi. D.O. aliikunja ramani yake. Hakuwa mtu mbaya, nakubali. Alikuwa mtu wa rula.

"Sawa," akasema. "Lakini serikali haina pesa. Chongeni uwanja wenyewe. Yadi elfu moja, wazi, bila jiwe wala kichuguu. Siku ya majaribio muwe na moto wa majani mabichi, rubani aone moshi ajue upepo unatoka wapi. Ndege itakuja mara moja tu. Isipotua, shamba lirudi kuwa shamba, na mimi sitaki kusikia habari hii tena."

Shamba lirudi kuwa shamba. Mtu anayesema hivyo hajawahi kupanda chai.

*

Tulichonga kilima kwa majembe. Sisi Wagusii tuna desturi ya egesangio: leo tunalima kwako, kesho kwangu, mpaka duru imalizike. Safari hii duru zote ziliwekwa mahali pamoja. Wasabato walipumzika Jumamosi, Wakatoliki wakashika majembe. Wakatoliki walipokwenda misa Jumapili, Wasabato wakawa wanang'oa visiki.

"Shetani hana siku ya kupanda juu ya kilima hiki," Gesare alikuwa akisema. Gesare alikuwa wifi yake Persis, dada wa marehemu, na mdomo wake haukuwa na mlango. "Jumamosi anamkuta Papa, Jumapili anamkuta Musa."

Tulipima kwa kamba za kufungia ng'ombe, tumeziunganisha. Kamba ilipofika mwisho wa kilima, kabla ya mteremko, tulikuwa bado tumepungukiwa yadi mia na kitu. Na zile yadi zilizobaki zilikuwa upande ule mwingine, boma la Persis. Nyumba yake, michai aliyokuwa ameanza juzi tu kuichuma, na upande wa kulia wa nyumba, kaburi la Nyasani.

Hapo kazi ilisimama. Watu wakaegemea majembe, kila mmoja akatazama mahali pengine.

Asiye wa kwetu huenda asielewe. Kwetu kaburi halihamishwi. Mwanamume analala kulia mwa nyumba yake, na mjane anakaa papo hapo karibu naye mpaka zamu yake ya kulala kushoto. Kumfukua mfu ni kuwatafutia wajukuu balaa. Kumkanyaga ni matusi, na matusi hayo hulipwa. Hakuna mtu angethubutu kumwambia mjane, mama, tupishe. Hata mimi mwenye mdomo.

Persis mwenyewe ndiye aliyewaita shemeji zake. Walikuja jioni, wakaketi kwenye magogo mbele ya nyumba. Mkubwa wao, Ondieki, alikuwa ameshika fimbo kama mtu aliyekuja kuamua kesi.

"Nyumba ni yako, bomoa," Ondieki akasema. "Chai ni yako, ng'oa, ingawa ni wazimu. Lakini huyu aliyelala hapa ni ndugu yetu. Unataka magurudumu yampite kifuani?"

"Nataka," Persis akasema.

"Mong'ina, mama mtu mzima, sikia unachosema!"

"Nimesikia. Ondieki, Nyasani alikuwa na kazi gani hapa kilimani?"

Sote tulijua. Nyasani alikuwa mbeba machela. Mtu akizidiwa, mwanamke akishindwa kujifungua, yeye ndiye aliyeitwa ashike mti wa mbele kwenda hospitali ya Kisii, mvua au jua. Mabega yake yalikuwa na sugu mbili kama nundu za ng'ombe.

"Alibeba mama yenu," Persis akasema. "Alibeba mtoto wa chifu. Wengine walifika, wengine walimfia begani akawarudisha. Hakuna siku alisema amechoka. Simfukui. Alale pale pale. Lakini ndege ikipita na mgonjwa au na dawa, ipite juu yake. Aendelee kubeba."

Ondieki aliinama. Fimbo ikaanguka, hakuiokota. Kesho yake asubuhi tulipofika, tulimkuta tayari ameng'oa mstari mzima wa michai peke yake, amelowa jasho, na hakutaka mtu amsemeshe.

Kaburi lilisawazishwa kwa mikono, bila jembe, likapandwa nyasi. Nyumba ikashushwa. Persis akahamia jikoni kwa Gesare, yeye na sufuria zake na Biblia. Sasa hesabu ilikuwa wazi kwa kila mtu kilimani. Ndege ikitua, amewapa watoto wetu njia. Isipotua, yeye ni mjane asiye na nyumba, asiye na chai, na amemlaza mumewe chini ya malisho bila sababu.

*

Ijumaa moja mwezi wa pili, askari wa chifu alinijia: unatakiwa Kisii leo hii, kwa D.O. Hakusema zaidi. Mtu wa siasa akiitwa hivyo anajua ni nini. Nilichukua blanketi, nikafunga viazi vitamu kwenye jani la mgomba, nikavaa viatu vyangu vya heshima ili nisiingie selo kama mwizi wa kuku. Mke wangu alilia. Nilimwambia asilie mbele ya askari.

Jumamosi asubuhi, badala ya selo, nikajikuta Suneka uwanjani mbele ya ndege ndogo ya injini moja. Rubani alikuwa Mzungu aliyezaliwa mashambani huko Sotik, na Kiswahili chake kilikuwa cha kuamrisha wachunga ng'ombe. D.O. alikuwa amevaa kofia yake ya kazi.

"Wewe mwenye mdomo," akaniambia, "utakaa nyuma umwonyeshe rubani shamba lenu."

"Leo?" nikasema. "Bwana D.O., leo ni Sabato! Hakuna aliyeambiwa!"

"Ndege haina dini. Kuna watu wengine huko, sivyo? Panda."

Nilipanda. Na hapa lazima niseme kweli, hasira au si hasira. Sikuwahi kuona kitu kama kile. Tulipoacha ardhi, Kisii nzima iligeuka mkeka uliofumwa na mtu aliyependa kazi yake: chai, migomba, mahindi, chai, kila kilima na moshi wake mdogo wa asubuhi. Niliiona barabara, ile barabara mbaya iliyowaua watu wetu. Ilikuwa uzi mwekundu unaojipinda kama nyoka aliyepigwa. Niliuona mto. Nilipaona pale Nyasani alipokuwa akipumzisha machela, kwenye mwamba chini ya mlima, mahali ambapo kwa miguu tulikuwa tukipafikia mchana tukiwa hoi. Nikataka kupataja jina, lakini tulikuwa tumeshapapita.

Dakika kumi na mbili. D.O. alikuwa akitazama saa yake, na rula yake haikuwa imesema uongo. Lakini nilichofikiria ni kwamba watu waliotembea chini ya uzi ule na mgonjwa begani walikuwa majitu. Kutoka juu ndipo nilipoelewa ukubwa wao.

Kisha tukafika, na kilima kilikuwa kimya.

"Moshi iko wapi?" rubani akauliza.

Nikatazama. Uwanja ulikuwa pale, kijani, umenyooka kama meza. Moshi haukuwepo. Hata ile migomba ya pembeni haikuwa na moshi wa jikoni, maana Wasabato hupika Ijumaa. Zamu ya moto siku ya Jumamosi ilikuwa ya Wakatoliki. Na papo hapo nikakumbuka: Wakatoliki wote, mpaka vikongwe, walikuwa wamekwenda Nyamira kumpokea askofu.

"Mimi hapana jua upepo," rubani akasema. "Nikiingia na upepo nyuma, nakwisha kule." Akaonyesha mikaratusi mwisho wa uwanja. "Mimi zunguka mara mbili. Hapana moshi, narudi."

Rangi ya uso wa D.O. ilikuwa imebadilika, na alikuwa ameivua kofia ya serikali, ameishika wazi chini ya kidevu, tayari kutapika.

*

Yaliyotokea chini niliyasikia baadaye kwa midomo mingi, na kwa ajabu midomo hiyo ilikubaliana.

Walikuwa kanisani, kando ya uwanja. Injini iliposikika, mzee wa kanisa, Zachariah Onyancha, alikuwa katikati ya sala ndefu. Zachariah alikuwa mtu wa sheria. Ijumaa jua likizama, hata kiberiti alikitoa mfukoni akakiacha nyumbani. Aliendelea kusali. Ndege ikapita juu ya bati, bati likatetemeka, naye akasema amina kabla ya mwisho wake, kwa mara ya kwanza maishani.

Watu wakatoka nje.

"Moto!" Gesare akapiga kelele. "Wifi, majani yako pale yamerundikwa, washa! Mtu akupe kiberiti!"

"Moto hauwashwi siku ya Sabato," Zachariah akasema.

"Omogaka, mzee wangu Zachariah, Bwana alisema ng'ombe akitumbukia kisimani siku ya Sabato atolewe!"

"Hiyo ndege haijatumbukia."

"Basi tungoje itumbukie?"

Watu wengine wakacheka kwa woga. Wote wakamgeukia Persis, maana ndiye aliyekuwa amelipa. Alikuwa amesimama na gauni lake jeupe la kanisa, miguu mitupu, ametazama juu. Ndege ilikuwa inamaliza mzunguko wa kwanza.

"Sitawasha," akasema.

"Wewe mwanamke!" Gesare akalia kweli kweli sasa. "Utalala wapi? Jikoni kwangu mpaka ufe? Umemlaza kaka yangu chini ya nyasi, ukatoa chai, ukatoa nyumba, na sasa njiti moja ya kiberiti inakushinda?"

Nimefikiria neno hili miaka mingi, mimi ambaye kanisani naonekana kwenye mazishi tu. Mwanamke ametoa kila kitu chake, na bado kuna kitu kimoja ambacho si chake kutoa, naye anakijua.

"Rubani hataki moto," Persis akasema. "Anataka kujua upepo. Omogaka, majoho ya ubatizo yako wapi?"

Alasiri ile mchungaji alikuwa abatize mtoni. Majoho meupe yalikuwa yamekunjwa juu ya benchi la mbele. Joash, kijana wa kwaya, alikimbia akaleta moja, refu kuliko yote. Gesare, machozi bado mashavuni, alivamia mgomba wa kanisa uliokuwa umeegemezwa mti kwa uzito wa mkungu wake. Akang'oa mti. Mkungu ukaanguka kishindo.

"Kuangusha si kuvuna!" akamwambia Zachariah kabla hajafungua kinywa.

Wakafunga shingo ya joho kwenye ncha ya mti kwa kitambaa cha kichwa cha Persis, wakausimamisha mwisho wa uwanja usio na mikaratusi.

Joho likaning'inia kama nguo iliyolowa. Upepo ulikuwepo, nyasi zilikuwa zinainama, lakini joho halikuinuka. Maana joho la ubatizo halishonwi kama nguo nyingine. Akina mama walikuwa wameshonea vijiwe ndani ya upindo wa chini, pande zote, ili mtu akiingia mtoni maji yasimpandishie nguo akaaibika mbele ya kanisa. Vijiwe vile vilikuwa vinafanya kazi yao vizuri. Vilikuwa vinalivuta chini.

Na ule upindo ulikuwa umeshonwa mara mbili, kwa uzi wa gunia. Persis akaushika kwa meno, haukukatika. Ndege ikaanza kugeuka, kuelekea Kisii.

Ndipo Zachariah Onyancha, mzee wa kanisa, aliyekuwa akiwatoza watu maungamo kwa kusonga ugali baada ya jua la Ijumaa kuzama, alipomsogeza Persis pembeni kwa upole. Akakanyaga mti ukalala. Akaushika upindo wa lile joho takatifu kwa mikono yake miwili, mikono ya mtu aliyepasua kuni miaka hamsini, akaurarua kutoka upande huu mpaka upande ule. Vijiwe vikamwagika kwenye nyasi kama maharagwe.

"Kushona ni kazi," akasema, akihema. "Huu ni uharibifu. Amri haikukataza uharibifu. Inueni!"

*

Kutoka juu, nilichoona ni mtu mweupe asiye na kichwa, akiruka kwenye ncha ya mti, mikono yote miwili imenyooshwa.

Nilikuwa nimeshamshika rubani bega nikimwomba, sijui kwa lugha gani. Alikuwa ameshakipa kilima mgongo.

"Rudi! Tazama nyuma! Rudi!"

Akageuza shingo. "Ile nini? Mtu?"

"Joho! Joho la kanisa! Tazama linakotazama!"

Akatazama. Mikono ya joho ilikuwa inaelekea kwenye mikaratusi, imejaa upepo, imenyooka kabisa. Rubani akapiga mluzi.

"Upepo ilikuwa nyuma yangu," akasema polepole. "Kama nimeingia vile nataka, sisi nakufa yote." Akacheka peke yake, akaizungusha ndege kupitia bonde, akaja kutoka upande wa pili, kutoka kwenye mikaratusi, chini, chini, nyasi zikatupokea. D.O. akaitumia kofia yake.

Magurudumu yakabiringika uwanja mzima. Mwishoni, mbele ya ile nguo nyeupe, niliona watu wa Sabato wamepanga mistari miwili, na katikati yao nafasi wazi, na Persis amesimama kando ya nafasi ile bila kitambaa kichwani. Nilijua ni wapi. Gurudumu lilipita pale, laini, kama mtu anayepita kando ya aliyelala. Ondieki alikuwa amevua kofia.

Rubani aliruka chini, akaenda moja kwa moja kwenye mti. "Nani nafanya hii?"

Watu wakamwonyesha Persis. Persis akamwonyesha Zachariah. Zachariah akaonyesha mbinguni, halafu, kwa kuwa alikuwa mtu wa kweli, akakionyesha kidogo kidole chake kilichokuwa kinatoka damu.

D.O. alishuka mwisho. Alisimama akizitazama nyasi, akazitazama zile yadi za mwisho zilizokuwa nyororo kuliko nyingine. Chifu hayupo, ramani haipo. Nilikuwa na hotuba tayari, nimeiandaa tangu mwaka uliotangulia, na ilikuwa na maneno makali. Lakini D.O. akamwendea Persis, akamshika mkono kwa mikono yake miwili, akainama, kama mtoto wa watu aliyelelewa.

"Mama," akasema, "uwanja umekubaliwa."

Hotuba yangu nikaimeza. Ilipita kooni na miiba yake yote.

*

Mvua zilipokuja mwaka ule, daraja lilizama kama kawaida yake, na barabara ikakatika. Watu wa rula hawajaitengeneza hata leo, miaka minane baadaye, na sitanyamaza. Lakini asubuhi moja tulisikia injini juu ya mawingu, tukawasha majani mabichi, maana ilikuwa Jumanne. Ndege ikashuka na sanduku.

Foleni ilitoka uwanjani mpaka sokoni. Nesi alikuwa yule yule. Alipofungua kifuniko alifunga macho kwanza, nikamwona. Akatia kidole, akakitoa haraka kama aliyeungua, akaanza kucheka na hakuweza kuacha. Watoto walipigwa sindano mpaka mkono wake ukafa ganzi, wakalia kilima kizima, na kilio kile kilikuwa kizuri kuliko kwaya.

Nyumba mpya ya Persis tulikuwa tumeijenga kando ya uwanja, karibu kadiri ilivyowezekana na mahali pake pa zamani. Siku ile hakuwa na mtoto wa kuleta kwenye foleni. Alikaa mlangoni akitazama. Kazi ilipokwisha, nesi alimletea kipande cha barafu kilichobaki, kikubwa kama ngumi, ndani ya jani la mgomba. Persis hakuwahi kuishika barafu. Ilimuuma, akaibadilisha mkono huu na huu, akitabasamu kidogo.

Halafu akatembea mpaka pale kwenye nyasi laini, kulia mwa nyumba isiyokuwepo. Akainama, akaiweka chini.

"Nyasani," akasema, "imefika."

Tulisimama naye, mimi, Gesare na Zachariah, tukiitazama ikiyeyuka. Ilikuwa nzima bado. Haikuwa na haraka.